Chuma Kwenye Jeneza la Baba

Jeneza la baba lilikuwa limeshafika nusu ya shimo, binamu zangu wakilishusha kwa kamba, Mzee Verlin, jirani yetu mzungu, aliponisogelea, akavua kofia na kuninong'oneza sikioni.

"Binti, usiwe na wasiwasi juu ya baba yako. Haendi mikono mitupu. Nimempa kisu changu."

Nilidhani ni maneno ya msibani tu, yale watu wanayoyasema wakikosa la kusema.

"Kisu gani, mzee?"

"Kile cha kukunja, cha marehemu baba yangu. Si unakijua? Nilimchomekea kwenye mshipi jana, nyie mlipokwenda kula." Machozi yakamlengalenga. "Nilitafuta mfuko weee, sikuuona. Hivi nguo zenu hazina mifuko?"

Hazina mifuko, mzee, na hazina vifungo, wala zipu, wala kulabu, kwa sababu sisi Wahmong, watu wa milima ya Laos tuliokimbilia Marekani, hatumziki mtu wetu na chuma wala madini yoyote. Hata pini. Chuma kikiingia kaburini na maiti kinamgeukia moto na mzigo, hawezi kutembea, na njia ya kurudi kwa mababu aliyoimbiwa haipiti. Yeye akikwama huko, sisi huku tunaanza kuugua magonjwa yasiyo na jina hospitalini. Jeneza lenyewe alilichonga binamu yetu wa Saint Paul kwa vigingi vya mbao vitupu, halina msumari hata mmoja, likaletwa juu ya pikapu safari ya kutwa nzima. Baba yangu mdogo, Chai Neng, alimkagua kaka yake kuanzia nywele mpaka kucha. Hata jino la bandia tulimwomba mtu wa mochari aling'oe, naye akatutazama kama wezi. Nikamwambia halina dhahabu, ndugu yangu, ling'oe ukalitupe.

Kazi yote hiyo, halafu kisu!

Na kosa lilikuwa letu. Kule Saint Paul, ambako Wahmong tumejaa, hakuna anayelinda jeneza baada ya ukaguzi, maana kila anayekuja kumuaga marehemu anajua. Nani atamwekea maiti chuma? Tukaja na akili hiyohiyo huku milima ya Ozark, kwa watu wa kanisa na bunduki, tukamlaza baba siku zote za msiba kwenye jengo la mnada wa ng'ombe, milango wazi, wazungu wakipanga foleni kuja kumtazama. Sisi tulidhani wamekuja kushangaa ngoma. Binamu zangu walikuwa wanawacheka kwa pembeni: angalieni, leo hawana mpira wa kutazama.

Mnadani tulienda kwa sababu nyumba ya maziko ya mjini ilikataa. Mwenyewe alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ngoma mchana kutwa, siku zote hizo? Hapa?" Akaniaga kwa heshima nyingi mpaka mlangoni. Verlin ndiye aliyekwenda kuomba jengo la mnada. Verlin pia ndiye aliyesimama kanisani wazee wa kanisa waliposema makaburi haya ni ya waumini tu. Aliwaambia kama Tom hapati nafasi basi apewe ile aliyojiwekea yeye. Baba aliitwa Tong Ger Kue, lakini mji mzima ulikuwa umeshaamua anaitwa Tom.

Nisimpambe sana huyo Verlin. Mwaka tuliohamia kutoka Fresno, mimi bado mtoto wa shule ya msingi na mdogo wangu Fue yuko mgongoni kwa mama, Verlin alituitia sherifu. Baba alikuwa anachoma karatasi za kuwapelekea wahenga uwanjani siku ya mwaka mpya wetu, na jirani huyo akaona moshi, akaona watu wasiofanana naye, akamaliza hesabu yake mwenyewe. Yeye na baba walikuja kupatana baadaye kwa ajili ya visu. Wote wawili walipenda kukaa nyuma ya pikapu jioni kazi za mabanda ya kuku zikiisha, kila mtu na kipande chake cha mti, wanachonga hawasemi kitu. Kiingereza cha baba kilikuwa kidogo sana na Verlin hakuwa na haja ya kingi.

Wengine mimi sikuwasamehe. Cody Tackett, ambaye siku hizi ni naibu sherifu, alikuwa anajivuta macho kwa vidole kila nikipanda basi la shule, na basi zima linacheka, dereva naye anacheka. Darla wa duka la chakula cha kuku, mwaka ule wa ugonjwa, alimfungia baba mlango. Wazungu wanaingia bila barakoa, wanakohoa watakavyo, baba yangu anasimama nje kwenye magunia apige kelele anataka nini. Alitusimulia huku anacheka. Mimi sikucheka. Niliolewa Saint Paul, nikaapa huku nitarudi kwa misiba tu. Fue naye akapata kazi Dallas. Wazee wetu wakabaki na kuku zao.

Sasa nilikuwa nimesimama pale na habari ya kisu, na ni mimi peke yangu niliyekuwa nayo. Nikisema, tutafungua jeneza mbele ya kanisa zima, tumwaibishe mzungu pekee aliyetusimamia, na pengine wazee wa kanisa watuambie basi, bebeni maiti yenu. Nikinyamaza, hakuna atakayejua, ila baba yangu atalala chini ya kilima hiki na kisu kinamuunguza kiuno milele, haendi mbele harudi nyuma. Tena mimi ni binti aliyeolewa, ni mtu wa ukoo wa mume wangu. Kwenye mazishi ya baba yangu sauti yangu haihesabiwi.

Jeneza likagusa chini. Baba mdogo akainama kuokota udongo.

"Subirini!" nikapiga kelele.

"Nini tena, Houa?" Baba mdogo hakuinua hata uso. "Huu si wakati wa wanawake kuongea."

"Baba mdogo, kuna chuma."

"Chuma wapi?"

"Humo ndani. Na baba."

Mpuliza zumari akakatisha pumzi katikati. Shangazi zangu wakashika midomo. Baba mdogo alibaki ameinama hivyohivyo, udongo ukimtoka taratibu kwenye vidole, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyozeeka.

"Nani kaweka?" Fue akauliza. "Dada, nani?"

Sikutaka kumwonyesha mtu, lakini macho yalinisaliti. Fue akamwendea Verlin, akamkabili kwa Kiingereza mbele ya kila mtu.

"Wewe mzee una wazimu? Alipokuwa hai hamkumwacha kwa amani, hata maiti mnaifuata ndani ya sanduku?"

"Nimefanya nini?" Verlin akanigeukia. "Binti, nimefanya nini mimi?"

Nikamweleza. Nilijaribu kumweleza polepole, lakini habari kama ile haina upole. Kila nilivyosema ndivyo alivyozidi kupauka.

"Namuunguza Tom?"

"Mzee, hukujua."

"Nimemfungia njia?"

"Hukujua, Mzee Verlin."

Akakaa chini juu ya lundo la udongo, na suti yake ya kanisani. Akakaa pale kidogo, halafu akainuka kwa ghafla, akaanza kushuka shimoni mwenyewe, na goti lake lile bovu. "Mtoeni! Mnasubiri nini? Mtoeni sasa hivi!" Binamu zangu wakamdaka kwapani.

Hapo ndipo Cody Tackett alipokuja, na sare yake na mkanda wake, mchungaji nyuma yake. Cody ndiye aliyekuwa ameongoza msafara wa magari.

"Houa, tafadhali," akasema. "Mchungaji anasema jeneza likishafungwa halifunguliwi hapa. Kuna watoto, kuna wazee. Msinifanye niwazuie."

"Cody, baba yangu ana kisu ndani."

"Nimesikia."

"Basi sogea."

Hakusogea. Alikuwa ananitazama, akatazama jeneza, na shingo yake ikaanza kuwa nyekundu, wekundu ukapanda mpaka masikioni.

"Mnatafuta kisu tu?" akauliza.

"Kwani kuna nini kingine?"

"Mwambie baba yako mdogo atafute na ndoano."

"Ndoano?"

"Ya samaki. Iko kwenye mkono wa kushoto, ndani ya ile nguo. Houa, nilidhani..." Nyuma yake wazungu walikuwa wameanza kutazamana wao kwa wao. Mzee mmoja wa kanisa akakohoa. Mtu mwingine akasema taratibu, "Ee Bwana," na haikuwa sala.

Nilishindwa hata kutafsiri. Baba mdogo akawa ananivuta mkono: anasema nini, anasema nini huyo askari? Nilipomwambia, alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeweka.

Jeneza likavutwa juu. Vigingi vikagongwa kwa nyundo ya mti vikatoka, na mchungaji akawa amegeukia upande wa barabara, hataki kuona. Baba mdogo akapekua mshipi, akakitoa kile kisu kwa kitambaa, akakilaza kwenye majani. Kisha Cody akaleta kutoka garini kifimbo kile cha kutafutia chuma, kinachopitishwa juu ya watu mahakamani, akakipitisha juu ya baba yangu kuanzia kichwani. Kililia kifuani. Kililia begani. Kililia tumboni, kikanyamaza, kikalia tena. Kila kilipolia shangazi zangu walilia nacho.

Tulifunua karatasi za kukunja, fedha yake ya safari, tulizomjazia, tukafunua nguo tabaka kwa tabaka. Ndoano. Risasi ya kuwindia bata mzinga. Spana ndogo. Beji ya bendera yao. Msalaba wa shaba. Ufunguo. Baba yangu alikuwa amejazwa vyuma kama kisanduku cha fundi, nasi tumempigia ngoma juu yake.

"Hawa watu ni wachawi," akasema shangazi mmoja. "Wote. Mji mzima."

"Waulize kwa nini," Baba mdogo akaniambia.

Nikauliza. Hakuna aliyejibu isipokuwa Verlin, naye aliongea na majani. "Huku kwetu mwanamume hazikwi na mifuko mitupu. Unampa kitu cha kushika. Wa kwetu, lakini. Mtu baki humpi kitu."

Nikatafsiri hilo nalo. Nililisema kwa Kihmong mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mimi mwenyewe sikulisikia vizuri. Mtu baki humpi kitu. Miaka yote ile nilikuwa na uhakika hakuna hata mmoja wao anayempenda, na uhakika huo ndio ulionifanya nifunge mizigo na kuondoka. Sasa niliona mapenzi yao yamelazwa kwenye majani, na kila kipande kilikuwa cha kumuangamiza.

Baba mdogo alizunguka jeneza. Alikuwa na hasira, na hasira yake haikuwa na pa kwenda. Mwishowe akasimama.

"Aliyeweka ndiye aondoe," akasema. "Kwa mkono wake mwenyewe. Avirudishe mfukoni kwake, na amwombe kaka yangu radhi. Bila hivyo hafiki popote."

Sijawahi kusikia sharti hilo kwenye mazishi yoyote. Nadhani alilitunga palepale. Lakini nililitafsiri kwa nguvu kana kwamba lilitoka enzi za mababu.

Wazungu hawakusogea mwanzoni. Kisha Cody akaja, akachukua ndoano, akasimama mbele ya baba na kofia kifuani. "Samahani, Tom. Ndiyo ile ya yule samaki tuliyemvua wote. Uliniambia niitunze, nikaona uitunze wewe." Verlin akaokota kisu chake, akaomba radhi. Mzee wa risasi akaja, na mwenye msalaba. Mwenye spana akaja, kijana wa gereji, hata simjui. Mwenye beji alikuwa mmoja wa wazee wa kanisa waliopinga baba kuzikwa hapa. Aliichukua haraka, akasema "samahani, bwana," na akaondoka bila kumtazama mtu.

Ufunguo ulibaki. Darla alisukumwa na mwanamke mwenzake, akaja na mkoba wake ameukumbatia.

"Ni wa dukani," akaniambia mimi, si baba. "Mwaka ule nilimfungia nje. Unajua, sijui kama alikwambia."

"Aliniambia."

"Hakuacha kuja. Kila wiki anakuja, anasimama pale, ananipungia mkono kwenye kioo. Nikaona akitaka kuingia, sasa aingie tu." Uso wake ukakunjamana. Nilikuwa nimemtunzia Darla matusi miaka mingi, matusi yaliyopangwa vizuri, na pale nikayatafuta sikuliona hata moja. Akachukua ufunguo wake, akarudi upande wao.

Muda wote huo mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki upande wetu, mikono mapajani, kimya. Hakuna aliyeshangaa. Mjane ana ruhusa ya kunyamaza. Shangazi alimpepea kwa karatasi.

"Pitisha tena," Baba mdogo akamwambia Cody, nami nikatafsiri. "Tuhakikishe."

Kifimbo kikapita kichwani, kimya. Kifuani, kimya. Tukaanza kupumua. Kikashuka magotini, kimya. Kikafika miguuni, kikapiga yowe.

"Nani mwingine?" Fue akafoka. "Nani bado hajasema?"

Nikawauliza. Wazungu wakatazamana, wakatikisa vichwa. Verlin akawaangalia mmoja mmoja kwa macho makali, hakumruka hata mchungaji. Hakuna aliyejitokeza.

Baba mdogo akapapasa kiatu cha kushoto. Ni viatu vya katani, tunawavisha marehemu wavuke navyo ule mlima wa viwavi ulioko njiani kwenda kwa mababu. Akabonyeza soli, akabonyeza tena, akasimamisha kidole. Kulikuwa na kitu kigumu kimeshonewa katikati ya matabaka ya kitambaa. Akainamia mishono. Nami nikainama. Sote tukaitambua, maana katika ukoo wetu mzima ni mtu mmoja tu anayeshona vile, mishono midogo iliyobanana hata huoni uzi unaanzia wapi.

Baba mdogo akainuka taratibu sana.

"Shemeji," akasema. "Niambie si wewe."

"Ni mimi," mama akasema.

Shangazi aliyekuwa anampepea aliacha mkono hewani.

"Ni nini hicho?"

"Fedha. Nimekata kipande kwenye mche wa fedha mlioniletea mahari."

"Shemeji, unajua wewe unafanya..."

"Usinifundishe, Chai Neng. Nimeanza kuvalisha maiti wewe hujaota ndevu. Najua chuma kinafanya nini."

"Mama!" Fue alikuwa karibu kulia. "Unataka baba ateseke?"

"Nataka abaki."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuagiza chumvi.

"Nimekaa pale mnadani," mama akaendelea, "nimemsikiliza yule mwimbaji wenu akimwonyesha njia. Kaimba vizuri, sina neno. Ondoka bandani kwa kuku, pita Fresno, pita kambini kwa wakimbizi, vuka mto Mekong, panda mlima, ingia kijijini, chimbua kondo lako la uzazi lililofukiwa chini ya nguzo, livae, nenda kwa baba zako. Kila alipopataja tulipita wote wawili. Mekong nilivuka nimemshika shati. Lakini katika wimbo yuko peke yake. Mimi naachwa hapa. Fue, wewe ndege yako ni kesho. Houa, gari lako umeshaligeuza linaangalia barabarani, nimeliona asubuhi. Kuna aliyeniuliza nitakula na nani? Nikasema basi, awe mzito kidogo. Asifike mbali. Alale hapa mlimani, niwe nakuja kumwona."

"Anasema nini?" Verlin akauliza.

Nikamtafsiria. Sikuruka neno, hata lile la gari. Verlin akasikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia, akaivua tena. Darla akaweka mkono mdomoni.

Kweli nilikuwa nimeligeuza. Nililigeuza ili nikitoka makaburini nisichelewe, maana Saint Paul ni mbali na watoto wana shule. Na hakuna aliyemuuliza mama kitu. Mimi na Fue tuliongea kwenye simu, tukasema kundi hili la kuku likiondoka tutaona. Tuliongea kana kwamba tunapanga kuuza trekta.

"Shemeji," Baba mdogo akasema, na ukali wote ulikuwa umemtoka. "Toa. Nakuomba. Mimi siwezi kukutolea, nimeshaweka sharti mwenyewe."

"Nitatoa." Mama akainuka kwenye kiti. "Lakini kwanza niambieni nani anabaki na mimi. Sitaki maneno mengi. Mmoja wenu aseme, natoa."

Alinitazama mimi, akamtazama Fue, akanirudia mimi.

Ilikuwa ni kusema "mimi" tu. Neno fupi. Nilifungua mdomo. Nikaona basi la shule na wanangu mimi wamepanda ndani yake, nikasikia harufu ya mabanda kwenye nywele zangu, nikaona mume wangu akiniuliza nimerukwa na akili. Nikaona pia kile kisu na ule ufunguo, nikaona aibu. Lakini neno halikutoka. Fue alikuwa anatazama viatu vyake. Ni mwanamume, kitinda mimba, kwa desturi yetu mama ni wake, na alikuwa anatazama viatu vyake.

Mama alitusubiri. Alitupa muda wa kutosha, zaidi ya tuliostahili. Kisha akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeonja chungu akakuta ndivyo alivyotarajia, akaenda jenezani.

Shangazi, akidhani atatumia mkasi, akamwambia subiri, mkasi ni chuma, usiuingize humo. Mama hakuwa na habari na mkasi. Aliinama mpaka uso wake ukafika kwenye mguu wa baba, akaushika ule mguu kwa mikono miwili, akakata uzi kwa meno. Tulimsikia akikata, mshono baada ya mshono. Kipande cha fedha kilipotoka alikifuta kwenye sketi yake, akakifumbata.

"Haya, nenda, Baba Houa," akamwambia. "Angalau mmoja wetu afike kwao."

Cody akapitisha kifimbo. Hakikulia popote. Akakipitisha tena bila kuambiwa, macho yake yakiwa mekundu, halafu akakizima.

Vigingi vikarudishwa, zumari likaanza, jeneza likashuka. Tulitupa udongo kwa zamu, ukoo kwanza. Nilipomaliza nikakivuta kiti cha mama karibu yangu, nikakipangusa vumbi, nikageuka kumwita aje akae. Hakuwepo upande wetu. Alikuwa ameshazunguka kaburi, amesimama ng'ambo ile kati ya Mzee Verlin na Darla, ngumi yake imefumbata ile fedha, kwa sababu hao ndio aliokuwa anabaki nao.